Kwa Anayeanza Kusoma Mabamba ya Dunia: Anza na Mwendo, Volkano Zitafuata

Mwanafunzi anayeingia mwaka wa kwanza wa jiolojia, au mwalimu kijana aliyepangiwa kufundisha jiografia ya sekondari, kwa kawaida huja na orodha kichwani: volkano hai, zilizolala na zilizokufa, matetemeko makubwa na miaka yake, na aina tatu za mipaka ya mabamba, yaani vipande vikubwa vya tabaka gumu la nje la dunia. Orodha hiyo ina kazi yake wakati wa mtihani, lakini humwacha mikono mitupu pale anapoulizwa kwa nini Nyiragongo, volkano ya mashariki mwa Kongo, imesimama pale ilipo wala si kilomita 300 kusini yake. Ushauri wangu wa kwanza, ambao yote yatakayofuata yanautegemea, ni kwamba kabla hujataja mlima wala tetemeko, uliza bamba gani linakwenda wapi likilinganishwa na jirani yake, na kwa kasi gani.

Kasi hizo hupimwa kwa milimita kwa mwaka, na kuna kanuni moja ya hesabu ambayo ningependa kila mgeni aishike tangu siku ya kwanza: milimita moja kwa mwaka ni sawasawa na kilomita moja kwa miaka milioni moja. Ukiishika, utaweza kujipima mwenyewe. Ukiambiwa kwamba Atlantiki ya kusini inapanuka kwa sentimita tatu hadi nne kwa mwaka, utajua papo hapo kwamba miaka milioni 100 inatosha kuzalisha kilomita 3,000 hadi 4,000 za sakafu mpya, na utaona kwamba umbali uliopo leo kati ya Angola na Brazil hauhitaji maajabu yoyote ili uelezeke. Tabia ya kuhesabu namna hii inamfaa mwanafunzi kuliko majina hamsini ya milima.

Jambo la pili linalopaswa kunyooshwa mapema ni picha ya mambo yaliyo chini ya miguu yetu. Wengi huamini kwamba mabamba yanaelea juu ya bahari ya moto iliyoyeyuka, na picha nyingi za vitabuni, zilizopakwa rangi nyekundu, huithibitisha imani hiyo. Sivyo ilivyo. Koti la dunia, yaani tabaka nene linaloanzia chini ya ganda na kushuka hadi takriban kilomita 2,900, ni mwamba mgumu, na ushahidi wake ni kwamba mawimbi ya tetemeko ya aina ya S, ambayo hayawezi kusafiri ndani ya kimiminika, hupita humo. Mwamba huo ni wa moto kiasi kwamba ukisukumwa kwa muda mrefu hujongea kama lami ngumu, ilhali ukipigwa ghafla hubaki kuwa jiwe. Bamba lenyewe ni ganda pamoja na sehemu ya juu ya koti iliyopoa na kukakamaa, na unene wake kwa wastani ni kama kilomita 100.

Sasa, ikiwa koti ni mwamba mgumu, magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inatoka wapi? Hapa ndipo ninapomshauri mgeni akae muda mrefu, kwa sababu jibu la swali hili ndilo linalotenganisha volkano moja na nyingine. Mwamba wenye joto kali unaweza kubaki mgumu kwa sababu tu uzito wa miamba iliyo juu yake unaugandamiza. Mabamba mawili yakiachana, mwamba wa chini hupanda kujaza nafasi, mgandamizo hupungua, na sehemu ndogo yake huyeyuka bila kuongezewa joto lolote. Hivyo ndivyo inavyotokea katika migongo ya bahari, yaani safu za milima zilizo chini ya maji mahali mabamba yanapoachana, na, kwa kiasi fulani, katika Bonde la Ufa. Njia ya pili ni maji: bamba la bahari linapozama chini ya jingine hubeba maji yaliyofungwa ndani ya madini yake, na maji hayo yakitoka kwenye kina kirefu hushusha kiwango cha joto ambacho mwamba wa koti ulio juu yake unahitaji ili uyeyuke. Volkano za Indonesia, Japani na Andes huzaliwa kwa njia hiyo. Njia ya tatu ni joto la ziada linalopanda kutoka kina kirefu mahali pamoja, mara nyingi mbali na mpaka wowote wa bamba, kama ilivyo Hawaii, na kama ilivyo katika kisiwa cha Réunion, ambako mlima Piton de la Fournaise hulipuka mara kwa mara.

Baada ya hapo, nenda baharini kabla ya kupanda mlima wowote. Kwa maoni yangu, mafunzo yetu mengi hukosea kwa kuanza na nchi kavu, ambayo imekunjwa, ikapasuka na kuoshwa na mvua kwa muda usiomithilika, huku moyo wa bara la Tanzania ukiwa na miamba ya zaidi ya miaka bilioni 2.5. Sakafu ya bahari ni changa na kumbukumbu zake ni safi, kwani sehemu kubwa ya sakafu kongwe iliyobaki haizidi miaka milioni 180 hivi, ile iliyotangulia ikiwa imekwisha kuzama katika koti. Alfred Wegener alitoa hoja ya kuhama kwa mabara mwaka 1912 kwa kutumia miamba na visukuku vya nchi kavu, lakini hakuweza kuonyesha nguvu inayoyasukuma, na alifariki Greenland mwaka 1930 kabla hoja yake haijakubaliwa. Ushahidi uliowashawishi watu ulitoka chini ya maji. Katika miaka ya 1950 Marie Tharp, akichora vipimo vya kina vilivyoletwa na meli, aliona kwamba katikati ya mgongo wa Atlantiki kuna bonde refu lenye umbo linalofanana sana na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, na baadaye ikaonekana kwamba vitovu vya matetemeko ya Atlantiki vimejipanga ndani ya bonde hilo hilo.

Hatua iliyofuata inatuhusu sisi wa Bahari ya Hindi moja kwa moja, na ninasikitika kwamba haitajwi vya kutosha madarasani kwetu. Mwaka 1962 meli ya Uingereza iitwayo Owen ilipima usumaku wa sakafu juu ya mgongo wa Carlsberg, uliopo kati ya Pembe ya Afrika na India. Fred Vine na Drummond Matthews walitumia vipimo hivyo katika makala yao ya mwaka 1963 kueleza kwamba lava inayoganda mgongoni huhifadhi mwelekeo wa usumaku wa dunia wa wakati huo, na kwa kuwa usumaku huo hugeuka kaskazini na kusini mara nyingi katika historia, sakafu hubaki na mistari sambamba pande zote mbili za mgongo. Mistari hiyo, ikishapewa umri, inakupa kasi. Kina nacho kinakupa umri kwa makadirio, kwa sababu sakafu mpya ina joto na imeinuka, kama mita 2,500 chini ya usawa wa bahari, halafu inapoa, inakuwa nzito na kushuka hadi mita 5,500 au zaidi kadiri inavyosogea mbali.

Ukirudi nchi kavu ukiwa na hayo, Bonde la Ufa litasomeka kwa urahisi zaidi. Bamba la Nubia, lililobeba sehemu kubwa ya Afrika, na bamba la Somalia, lililobeba pwani yetu, yanaachana kwa takriban milimita sita hadi saba kwa mwaka kule Ethiopia, na kasi hiyo inapungua kadiri unavyoelekea kusini. Katikati ya matawi mawili ya bonde kuna bamba dogo la Victoria, ambalo limebeba ziwa lenyewe na ambalo vipimo vya satelaiti vinaonyesha kwamba linazunguka taratibu kinyume cha mwendo wa saa. Ukisikia mtu anatangaza kwamba Afrika itagawanyika karibuni, rudi kwenye kanuni yetu: kwa milimita saba kwa mwaka, miaka milioni kumi inaleta kilomita 70. Ule mtaro uliofunguka karibu na Mai Mahiu nchini Kenya mwezi Machi 2018 na kukata barabara ulienezwa duniani kama mwanzo wa bahari mpya, lakini ulitokea baada ya mvua kubwa katika eneo lenye majivu laini ya volkano, na wanajiolojia wengi waliona kwamba kazi kubwa pale ilifanywa na maji. Kabla ya kukiita chochote mpasuko wa bamba, angalia udongo, angalia mvua, kisha tafuta kumbukumbu za mitikisiko.

Mpasuko wa kweli unaonekana Afar, kaskazini-mashariki mwa Ethiopia. Mwezi Septemba 2005, katika eneo la Dabbahu huko Afar, magma ilijipenyeza ardhini kwa urefu wa takriban kilomita 60, na katika muda wa siku chache ardhi ilifunguka hadi mita nane mahali ilipofunguka zaidi. Bamba la Nubia na bamba la Arabia huachana huko kwa milimita 16 hadi 20 kwa mwaka. Gawanya, na utaona kwamba siku hizo chache zililipa deni la miaka 400 hadi 500. Ningependa mgeni aielewe Dabbahu vizuri kuliko tukio lingine lolote la Afrika, kwa sababu inaonyesha kwamba mwendo wa wastani ni wa polepole na wa kudumu kule chini, ilhali juu, ambako mwamba ni baridi na mkavu, unakuja kwa vipindi.

Tetemeko ni mojawapo ya vipindi hivyo, na hapa tahadhari inahitajika kuhusu vipimo. Kila hatua moja ya ukubwa inaongeza nishati mara 32 hivi. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu na kubomoa nyumba nyingi Bukoba, lakini nishati yake ni ndogo zaidi ya mara 60,000 kuliko ile ya tetemeko la Sumatra la tarehe 26 Desemba 2004 lenye ukubwa wa 9.1. Tofauti hiyo inatokana na aina ya mpaka, kwani Sumatra bamba zito la bahari linazama chini ya jingine na sehemu yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,200 iliachia kwa mkupuo mmoja, wakati katika Bonde la Ufa mipasuko ni mifupi. Hata hivyo usidharau tawi la magharibi: tetemeko la Rukwa la mwaka 1910 lilifikia takriban 7.4. Na madhara hayafuati ukubwa peke yake, bali pia kina, aina ya udongo na, zaidi ya yote, namna nyumba zilivyojengwa. Kwa upande wa tsunami, kina cha sakafu ndicho kinachoamua kasi, na penye maji ya mita 4,000 wimbi husafiri kwa takriban kilomita 700 kwa saa, ndiyo maana wimbi la Sumatra lilifika Somalia baada ya saa chache tu na kuua watu huko, na likafika pia Kenya na Tanzania.

Kuhusu milima yenyewe, jifunze kuuliza silika, ile sehemu ya magma inayoifanya iwe nzito na ya kunata, ni kiasi gani. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo mno, hivyo ni nyepesi kama kimiminika na mwaka 1977, 2002 na 2021 ilishuka kwa kasi kuelekea makazi ya watu. Ol Doinyo Lengai ya Tanzania, nayo ikiwa ndani ya Bonde la Ufa, hutoa lava ya kabonati yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, ambayo haipatikani katika volkano nyingine yoyote hai duniani. Olkaria, ambako Kenya inavuna jotoardhi, miamba yake ina silika nyingi na inatoa obsidiani, yaani kioo cha volkano. Kwa hiyo mpaka mmoja wa bamba unaweza kuzaa volkano za tabia tofauti kabisa, kutegemea magma ilitoka kina gani na ilikaa wapi njiani. Na usidhani kwamba yote yanaonekana kwa macho. Karibu na Mayotte, kisiwa kilicho kati ya Msumbiji na Madagaska, mitikisiko iliyoanza mwezi Mei 2018 ilifuatana na kisiwa kizima kusogea mashariki na kushuka kwa sentimita kadhaa, na mwaka uliofuata meli ya utafiti ikakuta volkano mpya yenye kimo cha zaidi ya mita 800 katika sakafu ya kina cha mita 3,500.

Kwa atakayefanya kazi uwandani, nina neno moja la usalama ambalo silisemi kwa desturi tu. Kandokando ya Goma na ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Kivu kuna mazuku, yaani mabonde madogo yanayojaa kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Gesi hiyo haina rangi wala harufu na ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama hasa asubuhi kusipokuwa na upepo. Usiteremke kwenye shimo lolote kabla ya kuwauliza wenyeji, na ukiona ndege au mbuzi amekufa chini bila jeraha, usimfuate.

Zoezi la kuanzia ni hili. Katalogi ya matetemeko ya Shirika la Jiolojia la Marekani inapatikana bure mtandaoni. Chukua matetemeko ya Java, chora mkato, yaani picha ya ardhi kana kwamba imekatwa wima, kutoka kwenye mtaro wa bahari ulio kusini kuelekea kaskazini, ukiweka kila tetemeko kwenye kina chake. Utaona mteremko unaoshuka hadi zaidi ya kilomita 600, na safu ya volkano ikiwa imesimama pale ambapo bamba linalozama limefika takriban kilomita 100. Kisha chora mkato wa namna hiyo hiyo kukatiza Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake cha mita 1,470 kinaifanya sakafu yake iwe chini ya usawa wa bahari kwa takriban mita 700. Mteremko hautauona, kwa kuwa matetemeko yote yatakuwa ndani ya makumi machache ya kilomita kutoka juu, na volkano nazo utazikuta mbali, Virunga na Kivu upande wa kaskazini na Rungwe upande wa kusini-mashariki. Weka michoro hiyo miwili ubavu kwa ubavu, kisha jaribu kueleza kwa maandishi tofauti zake zote kwa kutumia njia tatu za kuyeyuka kwa mwamba.