Embe huoza, RNA huvunjwavunjwa

SWALI: Natafsiri muhtasari wa somo la biolojia kwa ajili ya wanafunzi wenzangu. Kichwa nimekiandika hivi: "Jinsi kuunganisha mbadala na kuoza kwa RNA kunavyodhibiti usemi wa jeni katika minyoo midogo." Mwenzangu anashikilia kuwa ni "minyoo wadogo". Nani kati yetu amekosea? Na kichwa chenyewe, kinasomeka?

JIBU: Umekosea wewe, lakini kosa lako linaeleweka. Mnyoo kwa umbo ni kama mti na mkoba: mnyoo, minyoo. Ila ana uhai, na chenye uhai hufuata upatanisho wa A-WA hata kama wingi wake ni mi-. Ndiyo maana tunasema mitume wale, mikizi wengi. Watu wa pwani wana mfano mtamu zaidi: mkunga wa kuzalisha wingi wake ni wakunga, na mkunga yule samaki mrefu kama nyoka wingi wake ni mikunga, lakini wote wawili "wamefika". Basi andika minyoo wadogo, mnyoo huyu, minyoo hawa.

Hapo hapo waambie wasomaji wako ni mnyoo gani, maana ukisema minyoo mtu anawaza tumbo la mtoto na dawa ya kumeza. Unayemwandikia ni Caenorhabditis elegans, mwenye urefu wa milimita moja hivi, asiyekaa ndani ya mtu. Makazi yake ni matunda na majani yanayooza, anakokula bakteria.

Na kuoza ndiko kunakonipeleka kwenye kosa kubwa la kichwa chako.

Kuoza hakuna mtendaji. Embe limeanguka, hakuna aliyeliokota, limeoza. Huwezi kuuliza "nani ameoza embe?" Ukiandika "kuoza kwa RNA", msomaji wa Kiswahili anaona kitu kilichosahaulika kikajiharibikia chenyewe. Sasa tazama kinachotokea kwa mnyoo wako. RNA ni nakala ya maagizo ya jeni, na ribosomu huisoma ili kutengeneza protini. Nakala hiyo ina alama zake za kukomea, UAA, UAG na UGA, zinazofanya kazi ya nukta. Chukua sentensi "Mgeni ameleta samaki wabichi kutoka Mafia", kisha nukta iingie mapema: "Mgeni ameleta." Ameleta nini? Seli haitaki kubaki na protini iliyokatika namna hiyo, kwa hiyo huikamata nakala yenye nukta iliyowahi na kuisambaratisha. Kuna anayekamata na kuna anayevunja. Kwa minyoo hawa kazi ya ukaguzi inasimamiwa na jeni saba zilizopewa jina la smg. Kundi la kwanza la jeni hizo lilielezwa mwaka 1989. Mnyoo ambaye jeni hizo zimeharibika huendelea kuishi, na nakala ambazo zingevunjwa humlundikia mwilini, zikaonekana na watafiti. Kwa panya, kukosa jeni za aina hiyo huua kiinitete.

Kwa hiyo tunataka kitenzi chenye mtendaji. "Kuvunjika" hakitoshi, kwa sababu kikombe nacho huvunjika chenyewe. Sema kuvunjwa. Mimi ningependa kuvunjwavunjwa, kwani kurudia huko kunaleta picha ya vipande vidogovidogo, na ndivyo RNA inavyofanywa.

Tuje kwenye "kuunganisha mbadala". Maneno yote mawili yanayumba. Tunaunganisha vitu ambavyo tangu mwanzo ni mbalimbali: umeme na nyumba, nguvu za wanakijiji. Kilichokatika ili kirudi kuwa kimoja, tunakiunga: kamba ya mvuvi, mfupa uliovunjika. Katika RNA kuna vipande vya katikati vinavyokatwa na kutupwa, kisha ncha zilizobaki zinaungwa, jambo lililogunduliwa mwaka 1977. Kiswahili hakina kitenzi kimoja kinachobeba kukata na kuunga kwa pamoja, na sioni haya kutumia viwili: kukata na kuunga. Nimewahi kukutana na "ukataungaji". Aliyelibuni alitamke mara tatu harakaharaka ndipo turudi kuzungumza.

"Mbadala" nalo ni neno la kitu kinachoshika nafasi ya kingine: nishati mbadala, njia mbadala daraja likibomoka. Hapa hakuna kilichobomoka. RNA ya jeni moja hukatwa na kuungwa hivi leo, vile kesho, au kwa namna zote mbili ndani ya seli ileile, na pengine zote zina kazi. Andika "kwa namna zaidi ya moja".

Utaona maneno hayo yanavyosaidia ukifika kwenye jeni iitwayo rpl-12, ambayo Quinn Mitrovich na Philip Anderson waliiandikia mwaka 2000. Jeni hiyo hutoa protini mojawapo ya ribosomu. Protini ikizidi, RNA yake huanza kuungwa kwa namna ya pili, ile yenye nukta iliyowahi, na nakala hizo huvunjwavunjwa. Uzalishaji unapungua. Yaani seli inaunga vibaya kwa makusudi ili nakala ivunjwe! Jaribu kuieleza habari hiyo kwa kitenzi "kuoza" uone utakavyokwama.

"Usemi wa jeni" uache kabisa, jeni haisemi. Utendaji wa jeni unatosha. Kudhibiti ni sawa. Kichwa chako kiwe hivi: "Namna seli za mnyoo zinavyodhibiti utendaji wa jeni: kuikata na kuiunga RNA kwa namna zaidi ya moja, na kuivunjavunja." Ni kirefu kidogo, najua. Majina kama smg-1 na rpl-12 yabaki yalivyo, kwa herufi ndogo.