Fedha za Mji Mdogo Hutokea Mlango Upi?

SWALI: Ndugu mtaalamu, mimi ni afisa mipango katika mji mdogo unaozungukwa na vijiji vya wakulima. Halmashauri yetu inafikiria kutoa ardhi bure na msamaha wa kodi wa miaka kumi ili kumvutia mwenye kiwanda kikubwa, ilhali baadhi yetu tunaona afadhali kuwasaidia wafanyabiashara tulio nao. Je, kuna njia ya kitaalamu ya kujua ni biashara zipi zinaweza kusimama hapa, au ni jambo la kubahatisha?

JIBU: Ndugu afisa, njia ipo. Kabla ya kumtafuta mwekezaji yeyote, fuatilieni fedha zinaingia mjini kwa mlango upi na kutoka kwa upi, kwa maana mji unaweza kupokea fedha nyingi kila msimu wa mavuno na bado ukabaki maskini, ikiwa fedha hizo zinalala hapo usiku mmoja tu. Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme kila anayepata fedha hutumia asilimia 20 yake kwa wauzaji na mafundi wa mjini, nao wakafanya vivyo hivyo. Basi kila 100 inayoingia huzaa 20, nayo 20 huzaa 4, na kuendelea, hata mzunguko wa jumla ukafikia 125. Kiwango hicho kikipanda hadi asilimia 40, mzunguko hufikia takriban 167, na hakuna kiwanda kipya kilichojengwa.

Kipimo cha pili ni uwiano wa ajira. Chukueni asilimia ya wafanyakazi wa mji walio katika sekta fulani, kisha muigawe kwa asilimia ya sekta hiyohiyo katika nchi nzima. Ikiwa usindikaji wa nafaka una asilimia 12 ya ajira zenu na asilimia 4 ya ajira za taifa, jibu ni 3, na yamkini sekta hiyo inauza nje ya mji na kuwaletea fedha. Jibu likiwa chini sana ya 1, ama wakazi wanaifuata huduma hiyo kwingine, ama wanaikosa kabisa. Msitegemee takwimu za ajira rasmi peke yake, kwani mafundi na wachuuzi wengi hawamo humo. Piteni mtaa kwa mtaa mkihesabu.

Hata hivyo, pengo si lazima liwe fursa. Walter Christaller, mwanajiografia wa Ujerumani, alieleza mwaka 1933 kwamba kila huduma ina idadi ya chini ya wateja inayoiwezesha kuendelea, na ina umbali ambao mteja hakubali kuuvuka kwa ajili yake. Duka la mahitaji ya kila siku hutosheka na kaya chache. Daktari bingwa huhitaji watu wengi sana. Kwa hiyo wahesabuni pia wakazi wa vijiji vinavyowategemea, si wale walio ndani ya mipaka ya mji tu.

Kwa maoni yangu, msishindane na jiji kubwa katika samani au mavazi, ambako mteja hufuata wingi wa chaguo. Shindaneni pale ambapo kuchelewa kunamuumiza mteja. Mashine ya kupukuchua ikikatika mkanda katikati ya mavuno, mkulima hapotezi bei ya mkanda tu, bali pia siku nzima ya kazi na pengine nafaka itakayonyeshewa. Huyo hamsubiri muuzaji wa mbali kwa sababu ya nafuu ndogo. Vipuri, ukarabati, tiba ya mifugo na maghala ya kuhifadhia mazao ni biashara za namna hiyo. Utafiti wake hauna gharama: kaeni kituo cha mabasi mkiandika mizigo inayoshushwa kutoka jijini, na muwaulize madereva wanaagizwa nini mara kwa mara.

Kuhusu kiwanda, sikipingi. Ulizeni kitanunua malighafi wapi, mafundi wake watatoka wapi, na faida itakwenda wapi. Kisha msamaha wa kodi ufungwe kwenye ajira zilizokwisha kupatikana, na mkataba uwe na kifungu cha kurejesha nafuu hiyo mwekezaji akiondoka mapema. Katika mji wa Mondragón nchini Hispania, shule ya ufundi ilianzishwa mwaka 1943, wahitimu wake wakafungua kiwanda cha ushirika mwaka 1956, na benki yao ya ushirika ikafuata mwaka 1959. Ujuzi ulitangulia kiwanda kwa miaka 13, muda ambao ni mrefu kuliko ule ambao madiwani wengi hukaa madarakani, na ndiyo maana mpango kama huo ni mgumu kuupitisha katika kikao.

Hatua inayoweza kuanza sasa ni manunuzi ya halmashauri yenyewe. Orodhesheni malipo yote ya mwaka uliopita, mtenganishe yaliyobaki mjini na yaliyotoka, kisha, kwa kadiri sheria ya manunuzi inavyoruhusu, zabuni kubwa za ukarabati, samani na chakula cha shule zigawanywe katika mafungu ambayo fundi mwenye wafanyakazi watano anaweza kuyaomba, na malipo yafanyike ndani ya siku 30, kwa sababu mfanyabiashara mdogo hana mtaji wa kuikopesha serikali.