Vani inayokufa na kufufuka: nilivyoisaka hitilafu ya umeme isiyotulia

Gari likigoma moja kwa moja sina neno nalo. Limekufa, unatafuta, unapata. Linalonichosha ni lile linalokufa likafufuka lenyewe. Asubuhi unageuza ufunguo, dashibodi inapiga giza, stata haitoi hata mlio. Unashuka, unafungua boneti, unakodoa macho bila kugusa kitu, unarudi kwenye usukani na linawaka. Ukilifikisha kwa fundi linawaka mara kumi mfululizo. Ni kama jino lililokukesha usiku kucha, likanyamaza ulipokaa tu kwenye kiti cha daktari.

Vani yangu, ambayo imeshavuka miaka ishirini, ilinifanyia hivyo kwa miezi saba. Katika miezi hiyo nilinunua betri mpya, nikabadilisha alteneta (kile kinachoichaji betri injini ikiwaka), kisha nikabadilisha swichi ya ufunguo. Kila kifaa kilipoingia gari lilitulia siku nne tano, nikajipongeza, halafu likarudia. Baadaye ndipo nilipoelewa kwa nini lilikuwa linatulia: kila nilipofunga kifaa kipya nilivua vibano vya betri na kuvirudisha, na katika kuvutavuta huko waya mbovu ulikaa sawa kwa muda. Nilikuwa nautibu ugonjwa kwa bahati huku sifa nikiipa dawa nyingine.

Kamba hukatikia pabovu, na kwenye gari kuukuu pabovu huwa ni kwenye maungio: pale waya unapoingia kwenye pete yake, pale soketi inaposhika plagi, pale bolti ya erthi (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari) inapoishika bodi, pale nyaya zinapojikunja kila mlango unapofunguliwa. Vifaa vyenyewe navyo hufa, sikatai, lakini kifaa kilichokufa kwa kawaida hubaki kimekufa. Kinachokuja na kuondoka, mimi siku hizi nahesabu kuwa ni kiungo mpaka kinithibitishie vinginevyo.

Jambo la kwanza lililonisaidia halikuwa mita. Lilikuwa daftari. Kila gari lilipogoma niliandika: injini ya baridi au ya moto, mvua au jua, nilikuwa nimesimama au napita kwenye mashimo, taa zilikuwa zimewashwa au la, nini hasa kilizima na nini kilibaki hai. Hilo la mwisho lina thamani kubwa kuliko yote. Kama honi, taa za ndani na dashibodi vyote vimekufa kwa pamoja, hakuna haja ya kuhangaika na fyuzi moja moja. Tafuta kile ambacho vyote vinakichangia, yaani betri, waya mkubwa unaotoka kwake, au erthi yake. Kikizima kimoja tu, unajua uko kwenye tawi, si kwenye shina. Baada ya kuandika mara sita niliona kitu ambacho macho yalikuwa yameshindwa kukiona: taa za dashibodi ziliwaka vizuri nilipogeuza ufunguo hatua ya kwanza, zikafa pale tu nilipopiga stata. Umeme ulikuwepo. Ulikuwa unashindwa kubeba mzigo.

Na hapo ndipo mita ilipokuwa imenidanganya miezi yote ile. Nilikuwa nimepima waya wa erthi kwa kipimo cha ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme, mita ikaonyesha karibu sifuri, nikaandika kwamba ni mzima. Mita hupitisha umeme kiduchu sana inapopima ukinzani. Waya wenye nyuzi hamsini ukibakiwa na nyuzi mbili, mita itaona waya mzima. Stata haidanganyiki, kwa sababu yenyewe huvuta ampia 100 na zaidi, na hizo hazipiti kwenye nyuzi mbili.

Kipimo kinachosema kweli ni kile cha kupima volti zinazopotea wakati mzigo unafanya kazi. Weka mita kwenye volti za umeme wa betri. Ncha moja iguse nguzo hasi ya betri yenyewe, na nasema nguzo, ule uvimbe wa risasi, si kibano kilichoivaa. Ncha ya pili iguse chuma kitupu cha bodi mahali ulipokwangua rangi. Mwambie mtu apige stata. Kama njia ni nzima, mita itaonyesha chini ya volti 0.2 au hapo karibu. Rudia kutoka nguzo hasi hadi kwenye chuma cha injini, halafu upande wa chanya kutoka nguzo ya betri hadi bolti ya stata. Popote zinapopotea volti nyingi, hapo ndipo unapoibiwa.

Siku ya kwanza nilipopima nilipata 0.06. Safi kabisa, na ndiyo shida yenyewe: huwezi kulipima tatizo ambalo halipo. Nikaiacha mita imefungwa pale pale kwa vibanio vidogo, nyaya zake nikazipitisha pembeni ya boneti hadi kwenye kioo cha mbele, nikaendelea na shughuli zangu. Siku ya tatu gari likagoma. Mita ikasoma volti 10 na kitu. Betri nzima ilikuwa inaishia katikati ya nguzo yake na bodi, kwenye kipande cha waya kifupi kuliko mkono wangu.

Nilipoufungua, kwa nje ulikuwa mzuri. Ganda jeusi, pete inang'aa, bolti imekaza. Lakini nilipoukunja karibu na pete ulikuwa laini, umelegea kama kamba iliyolowa, badala ya kuwa mgumu unaorudisha mkono. Nikachana ganda kwa kisu: ndani kulikuwa na unga wa kijani, na katikati ya unga huo nyuzi chache za shaba zilizokuwa zinagusana zikitaka. Ikanijia pia kwa nini niliwahi kuilaumu betri na alteneta. Injini ikiwa inaunguruma, waya huohuo ndio njia ya kuchajia betri. Ukiwa mbovu, betri haishibi. Nilipima betri nikaiona iko volti 12.2, yaani nusu, nikadhani imezeeka. Ilikuwa na njaa tu. Betri iliyoshiba na kupumzika huonyesha kama 12.6, na injini ikiwaka unatakiwa uone kati ya 13.8 na 14.5 kwenye nguzo zake.

Tangu hapo kuna vitu ninavyovifanya kwa mazoea. Nikishuku tita fulani la nyaya nalitikisa kwa mkono, inchi kwa inchi, huku kifaa husika kinafanya kazi na mtu anakiangalia. Nikishuku joto, naielekezea rilei (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme) draya ya nywele badala ya kusubiri jua. Rilei nyingi zinafanana, kwa hiyo unaweza pia kuibadilisha na jirani yake na kuona kama ugonjwa unahama. Injini inayozima ikishapata moto kisha ikawaka baada ya nusu saa ya kupumzika, naiangalia mapema sensa ya krenki, ile inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka, maana hiyo ni tabia yake. Ukiweka indiketa ya nyuma na taa ya breki nayo ikapepesa, usinunue balbu. Erthi ya taa hiyo imekufa na umeme unatafuta njia ya kurudia kupitia balbu ya jirani.

Mlango wa nyuma nao unastahili neno lake, kwa sababu kwenye vani hufunguliwa mara nyingi kuliko mlango wowote wa gari dogo. Kati ya mlango na bodi kuna mpira wenye mikunjo, na ndani yake zinapita nyaya zote za taa ya namba, waipa ya nyuma na kufuli. Fyuzi yangu ya taa ndogo ilikuwa inaungua mara moja kwa wiki bila sababu. Nilichofanya ni kuitoa fyuzi na mahali pake nikaunganisha balbu ya indiketa ya wati 21. Balbu hairuhusu zaidi ya ampia mbili kupita, kwa hiyo hakuna kinachoungua, na ikitokea shoti inawaka kwa nguvu zake zote. Nikawasha taa, balbu ikawa hafifu. Nikafungua mlango polepole, na ulipofika nusu balbu ikang'aa kama taa ya mbele. Nikauvuta ule mpira: nyaya tatu zilikuwa zimepasuka ganda, mbili zinalambana.

Usije ukaweka fyuzi kubwa zaidi ili isiungue. Fyuzi ya ampia 10 ikigeuzwa kuwa ya 30, kitakachoungua ni waya, na waya uko nyuma ya plastiki na sufi.

Katika kurekebisha, kata mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa. Shaba iliyogeuka nyeusi haishiki vizuri hata ukiibana kwa koleo gani. Weka pete mpya iliyobanwa barabara, funika kwa mpira unaojibana ukipata moto, kwangua bodi kwa msasa hadi chuma kionekane, kaza, kisha ndiyo upake grisi kwa juu kuzuia maji. Kusokota nyaya na kuzungushia tepu ni kujiandalia safari nyingine ya gizani. Ukianza kazi, ondoa waya hasi kwanza, uurudishe mwisho, na vua pete na saa mkononi. Nyaya za njano za mifuko ya hewa usizichokonoe kwa tasta (kipima umeme chenye ncha) hata kidogo.

Waya wa erthi nilionunua ulikuwa kitu rahisi kuliko vyote nilivyoiwekea vani ile. Haijagoma tena kuwaka. Ila saa ya dashibodi, mara moja moja, asubuhi naikuta imerudi sifuri, na daftari langu linaonyesha mpaka sasa mara nne, zote baada ya usiku wa mvua. Mita nimeshaifunga.