Tailizi zilizobaki: boksi la maua lisiloachia kona

Mkuu, umeuliza utumieje tailizi zilizobaki baada ya ujenzi kutengeneza boksi la maua la barazani, na wengi wamekushauri uunganishe kona kwa gundi ya tailizi peke yake. Mimi haya maboksi natengeneza nyumbani, na hilo la gundi peke yake silikubali. Udongo ukilowa unakuwa mzito, unasukuma kuta nje, na kona ndizo zinazoachia kwanza.

Chukua tailizi nne za sentimita 30 kwa 30. Zisimamishe juu ya nailoni, uso unaong'aa nje, mgongo wenye mistari ndani. Zifunge kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, unabana vizuri mno. Ndani zungusha wavu wa kuku, upite kona zote nne, na ncha zake uzikunje chini. Lowesha migongo ya tailizi, kisha piga plasta: saruji kopo moja, mchanga uliochekechwa makopo matatu, unene sentimita mbili hivi, wavu uzame katikati. Plasta hiyo ndiyo inayobeba mzigo, tailizi ni urembo tu. Kama zako ni poselini, hazinywi maji, kwa hiyo plasta tupu haizishiki. Paka kwanza gundi ya tailizi mgongoni, na plasta ifuate gundi ikiwa bado mbichi.

Kwa matundu ya kutolea maji, usihangaike kutoboa tailizi. Simamisha vipande vitatu vya bomba la nusu inchi vilivyopakwa mafuta, ndani ya boksi, mwaga mchanganyiko uleule chini kuwa sakafu yake, unene sentimita tatu. Ukianza kukaza, zungusha vipande taratibu na uvichomoe. Matundu ya maji tayari.

Funika kwa gunia bichi wiki nzima, ukilimwagia maji kila siku. Tafadhali usiharakishe hapa, plasta ikikauka haraka inapata nyufa. Baada ya hapo ziba matundu kwa matambara, jaza maji, yaache usiku kucha, umwage, na urudie mara kadhaa, maana chokaa ya saruji mpya inaunguza mizizi michanga.

Boksi ni zito hata likiwa tupu, kwa hiyo litengenezee karibu na litakapokaa. Liinue juu ya vipande vya tofali ili maji yatoke, weka kokoto chini, kisha udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Mrehani na mchaichai vinakubali sana humo.