Kushikilia injini unapobadilisha mauntini

Ndugu, umeuliza kama jeki chini ya sampo (bakuli la oili chini ya injini) inatosha kushikilia injini unapobadilisha mauntini ya kulia, yaani kishikizo chenye raba kinachofunga injini kwenye gari. Jeki tupu, hapana! Sampo nyingi ni bati jembamba. Ikibonyea ndani inaweza kuziba bomba linalovuta oili, na injini ikaharibika. Weka ubao mnene na mpana kati ya jeki na sampo, kisha pandisha polepole hadi uzito utoke kwenye mauntini, usizidishe. Boliti italegea bila kulazimishwa.

Jeki ya maji (haidroliki) inaweza kushuka yenyewe taratibu, kwa hiyo usiingize vidole kati ya injini na chasisi. Ukihitaji kuingia uvunguni, nakusihi, gari likae juu ya stendi imara, na injini ining'inizwe kwa mnyororo kwenye ndoano zake kutoka juu.