Miraa ya juzi, presha na vidonge: majibu ya maswali yenu

Kwa nini miraa iliyolala haina stimu hata ukiongeza?

Kinachochangamsha ni kathinoni, kemikali ndogo yenye naitrojeni ambayo mmea huijenga kutokana na asidi amino iitwayo fenilalanini na kuilimbikiza kwenye machipukizi. Udhaifu wake ni kundi la ketoni (kaboni iliyoshikana na oksijeni) lililo jirani na naitrojeni. Jani likichumwa na kuanza kunyauka, ketoni hugeuka alkoholi, na kathinoni inabaki kathini na norefedrini, ambazo hupenya kwenye ubongo kwa shida. Ndiyo maana wakulima wa Meru hufunga vitita kwa majani ya mgomba ili unyevu usipotee, na ndiyo maana magari ya miraa hukimbizwa namna ile. Mwendo huo umeua watu barabarani, na inaniuma kila ninapousikia.

Hata wanakemia walipotezwa na majani makavu. Kwa miaka mingi waliamini kathini ndiyo yenye nguvu. Kathinoni yenyewe ilitambuliwa mwaka 1975, maabara ya Umoja wa Mataifa ilipochunguza majani mabichi.

Nina presha. Nikila kidogo tu jioni?

Usile, ndugu yangu. Kathinoni ni amfetamini iliyoongezewa oksijeni mahali pa hidrojeni mbili, na kazi yake inafanana: huzifukuza dopamini na noradrenalini, kemikali zinazobeba ujumbe wa neva, kutoka kwenye ncha za neva. Dopamini ndiyo inayoleta handas, yaani ile stimu. Noradrenalini hubana mishipa ya damu na kuupeleka moyo mbio, wakati vidonge vyako vinajitahidi kufanya kinyume. Kiwango chake kwenye damu hufika kileleni saa mbili hivi tangu uanze kutafuna, kwa hiyo ukipima presha mapema utajidanganya. Mweleze daktari wako ukweli wote; anahitaji kujua.

Nimeandikiwa ampisilini (antibiotiki) na mimi hula muguka, aina ya miraa. Kuna shida?

Ipo. Utafiti uliofanywa Yemen ulionyesha kwamba kutafuna majani haya hupunguza ampisilini inayofyonzwa tumboni. Amoksilini, ndugu yake, haikuathirika sana kama ampisilini. Tanini, kemikali zenye ukakasi zilizo kwenye majani, ndizo zinazoshukiwa, na hizo hizo ndizo zinazokufungisha choo. Meza dawa saa mbili baada ya kumaliza kutafuna. Ingekuwa bora zaidi upumzike mpaka dozi iishe.

Ni kweli hospitali zina dawa ya jamii ya kathinoni?

Kweli: bupropioni, inayotumika kutibu sonona na kuwasaidia watu kuacha sigara. Hutengenezwa kiwandani, si kutokana na miraa. Kwenye naitrojeni limepachikwa kundi kubwa la butili, na kwenye pete kuna klorini. Kwa umbo hilo haizifukuzi dopamini na noradrenalini, bali huzuia zisirudishwe ndani ya neva, nayo hufanya hivyo polepole. Ikizidi dozi huleta degedege, basi usiazime vidonge vya mtu.

Ukipachika methili kwenye naitrojeni ya kathinoni na nyingine kwenye pete, unapata mefedroni, dawa ya kulevya ambayo imeshaua vijana Ulaya. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2010.

Naweza kusafiri na kitita changu?

Ndani ya Kenya, miraa ni zao halali la biashara, ingawa kaunti kadhaa za Pwani zilitangaza kuizuia muguka mwaka 2024. Uholanzi iliharamisha miraa mwaka 2013, Uingereza mwaka 2014. Tanzania nayo hairuhusu miraa, ambayo huko huitwa mirungi: ukivuka Namanga na kitita hicho, ni kesi.