Wimbo mmoja kila Jumapili, na namna ya kuufanya usikilizwe

Ukiwatumia watu wa kundi lako la WhatsApp nyimbo kumi kwa mkupuo, hawasikilizi hata mmoja. Watakuwekea dole gumba, watakuandikia "kali sana", na linki zako zitazama chini ya picha za harusi na michango ya msiba. Tuma mmoja. Mmoja kwa wiki, siku ileile, saa ileile, pamoja na maneno machache yanayomwonyesha msikilizaji pa kutega sikio.

Tangu Julai 10, 2015, nyimbo na albamu katika nchi nyingi hutolewa siku ya Ijumaa, na Spotify huhuisha orodha zake za nyimbo mpya siku hiyohiyo. Bongo Fleva na singeli hazibanwi sana na kalenda hiyo. Hata hivyo Ijumaa ni siku nzuri ya kukusanya, si ya kutuma. Wimbo uliokupagawisha Ijumaa usiku uache ulale. Usikilize tena Jumamosi huku ukifanya kazi nyingine, kisha Jumapili mchana ukae nao kwa utulivu. Kidole kikitaka kuuruka kabla ya ubeti wa pili, basi ulikuwa na mwanzo mzuri tu.

Katika hizo mara tatu, moja iwe kwa hedifoni na moja kwa spika ya simu, maana wengi watausikia kwa spika ya simu. Spika ndogo hiyo haina uwezo wa kutoa sauti za chini. Wimbo unaobebwa na gitaa la besi utawafikia umebaki mifupa, na watashangaa umependa nini. Chagua mwingine, au andika mstari wa kwanza kabisa: "Huu ni wa hedifoni."

Kwa kutuma, saa mbili usiku ya Jumapili, kwa saa za Dar es Salaam na Nairobi, inafaa kuliko nyingi. Muscat inakuwa saa tatu usiku, Lubumbashi saa moja, London saa kumi na moja au kumi na mbili jioni kutegemea majira, na Toronto ni saa sita au saba mchana. Asubuhi ya Jumatatu ni saa mbaya: kila mtu yuko njiani, bando limebanwa, na akisema atasikiliza baadaye hatasikiliza.

Tukija kwenye bando, mtajie msikilizaji MB za wimbo. Hesabu yake ni nyepesi: faili la MP3 la kilobiti 128 kwa sekunde linakula takriban MB 1 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne ni MB 4, na taarabu ya dakika kumi na mbili ni MB 12. Video ya wimbo huohuo hula mara kadhaa zaidi, kwa hiyo pale penye linki ya sauti peke yake, tuma hiyo. Mtu anayejua gharama hufungua, asiyejua huahirisha.

Linki iwe ya chaneli ya msanii mwenyewe, siyo ya mtu aliyepakia upya, ili hesabu ya wasikilizaji imwendee mwenye kazi. Tena baadhi ya wanaopakia upya huongeza kasi ya wimbo kidogo ili mitambo ya hakimiliki isiutambue. Sauti ya mwimbaji inapanda na ngoma zinakuwa kama zinafukuzwa, nawe unampa mwenzako kitu ambacho bendi haikukipiga. Kama ni rekodi yako mwenyewe, ya bendi ya mtaani au ya kikundi chenu, itume kama hati. Ukiituma kama sauti, WhatsApp huibatiza jina la aina ya AUD-20240112-WA0003, na baada ya mwezi hakuna atakayejua ni nini.

Wimbo mpya si lazima uwe umetoka juzi. Dansi iliyorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1970 ni mpya kabisa kwa kijana ambaye hajawahi kuisikia. Hapa ndipo makosa yanapojaa. Waimbaji walihama bendi, bendi zikabadili majina, na waliopakia waliandika jina la bendi iliyokuwa maarufu zaidi. Usiamini kichwa cha video kimoja. Sikiliza wimbo wenyewe, kwa kuwa mara nyingi bendi hujitaja au humtaja mpiga solo ndani yake, kisha linganisha na angalau chapisho lingine. Ukiwa bado na shaka, taja mwimbaji tu na uache bendi. Kwenye taarabu kuna deni jingine: aliyetunga shairi, aliyetia muziki na aliyeimba wanaweza kuwa watu watatu. Wataje wote watatu ukiwajua.

Sasa maneno yenyewe. Mistari minne inatosha, na ulio muhimu kuliko yote ni ule unaosema dakika gani. Ujumbe mzuri unafanana na huu: "Dansi ya miaka ya sabini, dakika 7, MB 7. Mwanzo umetulia, mwimbaji anawalilia ndugu waliomkimbia alipoachishwa kazi. Kuanzia 4:10 magitaa yanachemka. Sikiliza solo linavyojibizana na tarumbeta." Msikilizaji anaisubiri hiyo 4:10, na akiisubiri anakuwa amesikiliza wimbo wote. Unaweza pia kufanya linki ya YouTube ianzie hapo: dakika 4 na sekunde 10 ni sekunde 250, hivyo mwishoni unaongeza ?t=250, au &t=250 kama ndani ya linki tayari kuna alama ya kuuliza. Sishauri kufanya hivyo kwa dansi. Chemko bila ule mwanzo wa taratibu halina joto, kwani nguvu yake inatokana na kungoja.

Kila muziki una pa kuelekezea sikio. Taarabu ya kale ina utangulizi mrefu wa ala kabla ya mwimbaji kuingia, na asiyeizoea hudhani wimbo haujaanza. Mwambie udi au fidla inafanya nini pale. Singeli hukimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, na mgeni husikia kelele tupu mpaka umwonyeshe kasauti kafupi kanakojirudia chini ya maneno. Kwa rumba ya Kilingala, andika kiini cha ubeti mmoja, umuulize kwanza anayeijua lugha. Kukisia tafsiri kunaharibu wimbo, na kosa hilo hudumu kwenye vichwa vya watu kwa miaka.

Mipasho inahitaji uangalifu wa peke yake. Taarabu ya mafumbo, kama leso, husomwa kuwa ujumbe. Ukiiweka kwenye kundi la familia wiki ambayo mashemeji hawasalimiani, yupo atakayejiona ametupiwa yeye, na hakuna maelezo yatakayomtoa hapo. Ipeleke siku yake ya kawaida, na kichwa chake cha kawaida cha wimbo wa wiki, kamwe si kwa mtu mmoja faraghani wala kwenye stetasi usiku wa manane. Palipo na ugomvi, iahirishe. Pasipo ugomvi, usilifumbue fumbo. Waulize wao linasema nini, na mazungumzo yatafika Jumatano.

Swali la kuuliza liwe jembamba. "Mmeonaje?" huleta dole gumba. "Nani anaitikia pale 2:30, mwanamke au mtoto?" huwarudisha watu kwenye wimbo kuhakikisha.

Weka daftari: tarehe, jina la wimbo, mwimbaji, mtunzi, bendi, mwaka kama una hakika, linki, na aliyejibu. Linki hufa, jina kamili ndilo litakalokusaidia kuutafuta upya. Safu ya waliojibu itakuonyesha shangazi anayejibu nyimbo za udi tu, na kijana aliyenyamaza miezi miwili hadi ulipotuma singeli. Wiki ya nne ya kila mwezi mpe mmoja wao achague, kwa masharti yaleyale: mmoja, wenye dakika, wenye MB. Na wiki ambayo hakuna wimbo uliovuka zile mara tatu, rudi kwenye daftari, utafute uliotumwa kukiwa na msiba au mfungo na haukupata sikio, uutume tena.